Paka Wawili, Sahani Mbili

Sisi tumezoea kula sinia moja. Lakini kama kwenye fleti yako hapo Al Khuwair una paka mzee mwenye maradhi ya figo na mtoto wa paka, usiwachanganyie chakula. Mtoto anahitaji protini na nguvu nyingi mpaka afike kiasi cha miezi 12. Mzee anatakiwa chakula chenye fosforasi kidogo. Cha mtoto kitazidi kumuumiza figo.

Walishe kwa saa maalumu, kila mmoja chumba chake, mlango umefungwa. Baada ya dakika 20 ondoa sahani, joto la Muscat huharibu chakula upesi. Maji yawepo saa zote.

Chakula kipya kianzishe polepole, siku 7 hadi 10. Mzee akigoma kula siku nzima, mpeleke kwa daktari wa wanyama.