Sumu ya Nge na Chembe Nyekundu za Damu

Wakazi wa Mbweni, pembezoni mwa Dar es Salaam, ambao huinua mawe na matofali yaliyorundikwa viwanjani mwao, wanamfahamu nge. Maumivu ya mwiba wake hutokana hasa na vitu vinavyovuruga mishipa ya fahamu. (Aliyechomwa, hasa mtoto, apelekwe kituo cha afya, asichanjwe wembe wala asifungwe kamba.) Hata hivyo, tezi iliyomo mkiani hutoa pia vitu vya namna nyingine, ambavyo kazi yake ni kutoboa chembe hai.

Mwaka 2001 wataalamu walieleza viwili kati ya hivyo, vilivyopatikana katika sumu ya Pandinus imperator, nge mkubwa mweusi wa Afrika ya Magharibi. Viliitwa pandinini ya kwanza na ya pili. Hizi ni peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi za amino: ya kwanza ina asidi 44, ya pili 24 tu. Zote mbili ziliua bakteria.

Zafanyaje kazi? Utando wa nje wa bakteria una chaji hasi ya umeme, na peptidi hizi zina chaji chanya, hivyo huvutana. Peptidi ikigusa utando hujisokota mithili ya kamba, hupenya katika mafuta yake na kuutoboa. Chumvi na maji huvuja, naye bakteria hufa. Kwa kuwa shabaha ni utando wenyewe, si rahisi bakteria kujijengea usugu kama afanyavyo dhidi ya dawa nyingi za hospitali.

Lakini hapa ndipo penye kikwazo. Chembe nyekundu za damu nazo zina utando wa mafuta. Upande wake wa nje hauvuti peptidi kwa nguvu kama ule wa bakteria, ila peptidi ipendayo mno mafuta hupenya vivyo hivyo. Kipimo chake ni chepesi: chembe huchanganywa na peptidi katika maji ya chumvi, zikipasuka, hemoglobini humwagika na maji hugeuka mekundu. Pandinini ya pili ilipasua vikali chembe za kondoo, ilhali ya kwanza haikuwa na ukali huo. Dawa impasuayo mgonjwa damu haifai kuchomwa mshipani, hata ingeua vijidudu vyote.

Kwa sababu hiyo wakemia hubadili asidi moja moja katika mnyororo, wakipunguza sehemu ipendayo mafuta na kubakiza chaji chanya, kisha hurudia kipimo kwa bakteria na kwa damu. Nge wetu naye amekwisha kuingia maabara: mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi wa sumu ya Pandinus cavimanus, nge wa Tanzania mwenye magando mekundu.