Kikapu cha Futi Kumi na Mtoto wa Miaka Minane

Mwaka 2009 kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa sentimita 221, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Alitoka Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako uhodari wake wa kuzuia mipira uliwatia hofu washambuliaji wa vyuo vingine. Watanzania walifurahi, na walistahili kufurahi. Katika uteuzi huohuo, aliyechaguliwa wa saba alikuwa Stephen Curry wa chuo kidogo cha Davidson, kijana mwembamba ambaye vyuo vikubwa havikumtaka. Curry amekuja kuhesabiwa kuwa mfungaji wa mbali asiye na kifani. Thabeet alicheza msimu wake wa mwisho wa NBA mwaka 2013/14.

Hatuyasemi haya kwa kumdharau ndugu yetu. La hasha! Tunayasema kwa sababu Thabeet aliushika mpira wa kikapu akiwa kijana wa miaka ipatayo 15, ilhali Curry, ambaye baba yake Dell alikuwa mchezaji wa NBA, aliuzoea tangu akiwa mtoto mdogo. Urefu ni majaliwa ya Mungu, wala haufundishwi. Lakini mkono laini wa kutupia kikapuni, na jicho la kuona pasi kabla haijatolewa, ni mambo yanayotaka miaka mingi, na miaka hiyo ikipita hairudi.

Wapenzi wa mchezo huu wanaofuatia vyuo vya Marekani watakumbuka kwamba mashambulizi ya huko hayakuwa siku zote ya kasi. Mwezi Machi 1982 North Carolina, iliyokuwa na Michael Jordan ndani yake, iliishinda Virginia kwa pointi 47 kwa 45 katika fainali ya kanda yao, na kwa dakika nyingi za mwisho vijana wa mwalimu Dean Smith waliushikilia mpira tu, wakipasiana bila nia ya kufunga. Watazamaji walichukia. Kuanzia msimu wa 1985/86 timu za wanaume za vyuo zilipewa sekunde 45 za kutupa mpira kikapuni. Zikapunguzwa kuwa 35, na tangu msimu wa 2015/16 ni 30. Mstari wa pointi tatu nao uliingia vyuo vyote msimu wa 1986/87.

Mabadiliko hayo yalimlazimisha kila mchezaji kujua kila kazi. Mwalimu Pete Carril wa Princeton alikuwa amekwisha kulitambua jambo hili zamani. Chuo chake hakikutoa ufadhili wa michezo, hivyo hakuweza kuwavuta majitu wala wenye mbio. Alimweka mchezaji wake mrefu mbali na kikapu, akamfundisha kupasi. Na beki yeyote aliyemkaribia mno mshambuliaji alishtukia amekwisha kupitwa kwa nyuma. Tarehe 14 Machi 1996 Princeton iliitoa UCLA, bingwa wa mwaka uliotangulia, kwa 43 kwa 41, na kikapu cha ushindi kilipatikana kwa mbinu hiyohiyo ya kumkimbia mlinzi mgongoni. Mwaka 2018 Villanova ya mwalimu Jay Wright iliifunga Kansas 95 kwa 79 katika nusu fainali, ikitia vikapu 18 vya pointi tatu, na hata warefu wake walikuwa miongoni mwa waliofunga kutoka mbali.

Sasa tujiulize: mwalimu wa chuo, anayekaa na kijana miaka minne, pengine mmoja tu, atampatia wapi ustadi huo? Hana muda. Hupokea kilichokwisha kupikwa na wengine.

Na huko jikoni, hata Marekani, mambo si shwari. Mwezi Januari 2015 Kobe Bryant, aliyelelewa kwa miaka kadhaa nchini Italia, aliushambulia hadharani mfumo wa mashindano ya vijana wa nchi yake. Alisema watoto hucheza mechi juu ya mechi bila kufundishwa misingi, na kwamba Wazungu wa Ulaya wanawazidi kwa ustadi. Wako waliomwona mkali kupita kiasi. Sisi tunaona aligusa donda. Tumtazame Nikola Jokić, aliyelelewa kimchezo Serbia: mtu mnene, asiyeruka sana, ambaye hakupita chuo chochote cha Marekani, lakini amekuwa mchezaji bora wa NBA mwaka 2021, 2022 na 2024, na silaha yake kubwa ni pasi.

Chama cha mpira wa kikapu cha Marekani na NBA walitoa mwongozo wa vijana. Mtoto wa miaka 7 au 8 atupie kikapu cha futi 8, si 10. Wa miaka 9 hadi 11, futi 9. Na mpira uwe mdogo. Timu za umri huo zisitumie ulinzi wa eneo. Sababu yake ni wazi. Mtoto mdogo akilazimishwa kufikia futi 10, huutupa mpira kutoka kiunoni kwa nguvu za mwili mzima, na ubaya huo huota mizizi. Na timu ya watoto ikijipanga chini ya kikapu kungoja, hushinda mechi kwa sababu wapinzani hawana nguvu za kutupa kutoka mbali. Mwalimu hupata kikombe, lakini mtoto hajifunzi kumkaba mwenzake, wala hajifunzi kumkwepa.

Kwa walimu wa shule zetu tuna ombi moja juu ya mtoto mrefu, yule ambaye akiingia uwanjani huambiwa asimame chini ya kikapu na asidunde mpira. Aachwe adunde. Apoteze mpira mara kumi, aupasi vibaya, aambiwe ajaribu tena. Na pale penye kikapu kimoja cha watu wazima, fundi wa kuchomelea vyuma aweza kuunganisha pete nyingine kwenye nguzo hiyohiyo, upande wa pili, kwa kimo cha mita 2.60 kinachotumika kimataifa kwa watoto.