Kahawa ichanganywe, hesabu isichanganywe

MKULIMA wa Bisibo anapofikisha kahawa yake ya maganda kwenye chama cha msingi, magunia yake hayakai peke yake. Yanachanganywa na ya majirani na kuwa fungu moja la kupeleka mnadani. Hilo ni jambo jema, kwani mnunuzi mkubwa hana muda wa kuhangaika na gunia moja moja.

Swali ni je, fedha zikirudi, zitagawanywa kwa hesabu ipi?

Hesabu hizo sasa zinazidi kuhamia kwenye kompyuta. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005, na Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) lilizinduliwa mwaka 2015 ili kuendesha minada kwa njia ya kielektroniki. Hivyo nyaraka nazo huunganishwa zinapokwenda sokoni, kisha hugawanywa malipo yanaporudi.

Tuchukue mfano. Wakulima watatu wamepima kilo 120, 80 na 50. Fungu lao ni kilo 250. Tuseme baada ya makato kila kilo imebaki na sh 4,000. Chama kitapokea sh 1,000,000, na mgawo utakuwa sh 480,000, sh 320,000 na sh 200,000.

Sasa karani akikosea na kuandika 60 badala ya 80, orodha itasomeka kilo 230 wakati mzani wa ghala unasema 250. Kilo 20, yaani sh 80,000, hazina mwenyewe. Katika fungu la wakulima 200, kosa kama hilo halionekani kwa macho.

Waliobuni utaratibu wa kutumiana nyaraka za biashara kwa kompyuta walilifikiria tatizo hili mapema. Katika EDIFACT, utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1987, hati nyingi hufungwa katika bahasha moja. Bahasha hufunguliwa kwa namba yake, na hufungwa kwa namba ileile pamoja na idadi ya vilivyomo. Visipolingana, mpokeaji anajua kuna kasoro.

Chama cha msingi kinaweza kufanya vivyo hivyo. Kila fungu liwe na namba, idadi ya stakabadhi na jumla ya kilo. Kahawa ikipungua uzito kwa kukauka ghalani, upungufu huo uandikwe peke yake, usifichwe ndani ya kilo za mtu.

Aidha, kuna sababu nyingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inataka kahawa isitoke kwenye msitu uliofyekwa baada ya Desemba 31, 2020, na mahali lilipo kila shamba pajulikane. Kahawa ya shamba moja lenye kasoro ikichanganywa na nyingine bila kuweza kutenganishwa, fungu zima linakosa soko hilo.

Ewe mkulima, usiondoke kwenye mzani bila stakabadhi yenye jina, tarehe, kilo na daraja. Uliza namba ya fungu lako na uiandike nyuma yake. Siku ya malipo, omba orodha ijumlishwe mbele ya wanachama.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kompyuta nayo ni daftari tu.