Picha Zenye Kasoro Zisitupwe

Ni desturi ya wasafiri wengi, warudipo makwao, kuzichambua picha walizopiga. Zilizo njema hutiwa katika albamu. Zilizopinda, zilizotikisika au zilizozibwa na kidole cha mpigaji hutupwa. Siku hizi picha hupigwa kwa simu, na ile isiyopendeza hufutwa papo hapo. Sisi tunaiona desturi hii kuwa ni hasara kwa msafiri mwenyewe na kwa Visiwa vyetu.

Picha iliyopigwa kwa ustadi huonyesha kile alichokusudia mpigaji. Ndiyo maana postikadi nyingi za Mji Mkongwe hazina ila mlango wa nakshi na bahari tulivu. Lakini picha iliyomponyoka msafiri hubeba asilolikusudia: mchukuzi anayepita na gari lake, mtoto anayechungulia dirishani, bei zilizoandikwa kwa chokaa kwenye ubao wa duka. Nayo iliyopinda kwa mrama wa chombo, baina ya Unguja na Pemba, huieleza bahari ya siku ile kuliko picha iliyonyooka.

Jambo hili ni la tangu zamani. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple, mjini Paris. Mtambo wake ulikuwa mzito wa kunasa sura, hata magari ya farasi na wapita njia wasionekane, na barabara ikatoka kama iliyohamwa. Alionekana mtu mmoja aliyesimama akisafishwa viatu. Kwa kasoro hiyo ya mtambo, raia asiyejulikana jina amekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuonekana katika picha.

Kwetu sisi faida yake si ya kustaajabisha tu. Tarehe 25 Disemba, 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu. Jengo la namna hiyo likitakiwa kurejeshwa, fundi huhitaji kujua nguzo ilivyokutana na dari na ukingo wa baraza ulivyokuwa. Picha ya jamaa aliyekatwa kichwa kwa mpigaji kukosa shabaha, huku boriti na nguzo zikionekana nyuma yake, yaweza kumfaa fundi huyo kuliko postikadi kumi. Tena wako wazee wetu ambao hawakuacha sura yao ila katika picha moja iliyotikisika.

Kwa hiyo tunawaomba wananchi wasiharakishe kutupa wala kufuta. Nyuma ya kila picha iandikwe kwa penseli mahali, mwaka na majina ya waliomo, kisha ihifadhiwe mbali na unyevu, kwani kuvu haichagui picha njema na mbaya. Na viongozi wa serikali, kuanzia masheha, wasiridhike na picha za majukwaani na za kukata utepe pekee. Wawahimize wananchi kutoa nakala za picha zao za safari, pamoja na zilizo na kasoro, zipelekwe Nyaraka za Taifa, Kilimani, wakazikute watakaokuja baada yetu.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Picha iliyopinda ni mbachao wetu.