Moto wa Nyayoni: Dawa za Asili na Maumivu ya Mishipa ya Fahamu

Katika vijiji vya Wilaya ya Kisarawe, ng'ambo ya vilima vya Pugu, aghalabu hutokea mkulima aliyeshinda shambani akakosa usingizi usiku kucha. Nyayo zake huwaka moto ingawa hazina jeraha. Mara huchoma kama sindano, mara hufa ganzi, na hata shuka ikigusa vidole huwa adha. Jamaa zake humchua kwa mafuta ya nazi, au humpaka pilipili iliyosagwa, au humtia miguu katika maji ya moto yaliyochemshiwa majani. Baadhi ya tiba hizi zina msingi wa kisayansi. Mojawapo, hata hivyo, yaweza kumpotezea mguu. Ili kuzipambanua hapana budi kuyafahamu kwanza maumivu yenyewe.

Mjumbe Aliyeugua

Mwiba uchomapo mguu, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na kisha kwenye ubongo. Hapo maumivu ni mjumbe mwaminifu: mwiba ukitolewa, naye hunyamaza. Lakini katika maumivu ya mishipa ya fahamu, mjumbe mwenyewe ndiye mgonjwa. Mshipa uliodhurika hutoa habari za moto pasipo moto.

Nyuzi za fahamu zinazofika vidoleni mwa miguu ni ndefu kuliko nyingine zote mwilini. Kwa mtu mzima hukaribia urefu wa mita moja. Uzi mrefu namna hiyo ni mgumu kulishwa na kutunzwa na seli yake iliyo karibu na uti wa mgongo. Ndiyo maana magonjwa mengi ya mishipa hii huanzia vidoleni, kisha hupanda polepole.

Kwa Nini Kuchua Hutuliza

Mwanafunzi akijigonga kiwiko kwenye dawati, mara moja hukisugua bila kufundishwa. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza sababu kwa mfano wa lango. Nyuzi nene zipelekazo habari za mguso na nyuzi nyembamba zipelekazo maumivu hukutana katika uti wa mgongo. Nyuzi za mguso zikiamshwa, lango la maumivu hufungika kwa kiasi. Sehemu nyingi za nadharia hiyo zimerekebishwa tangu wakati huo, lakini kiini chake kimebaki. Basi anayechua mguu kwa mafuta ya nazi hafanyi kazi bure, ijapokuwa nafuu hiyo ni ya muda na haiuponyi mshipa.

Siri ya Pilipili

Ukali wa pilipili hutokana na kemikali iitwayo kapsaisini. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko California, Marekani, walitambua kipokezi chake katika nyuzi za maumivu. Kipokezi hicho ni mfano wa mlango mdogo katika ukuta wa seli, ambao hufunguka joto lifikapo kiasi cha nyuzi 43 za Selsiasi. Kapsaisini huufungua mlango huohuo bila joto; kwa hiyo ubongo huambiwa kuwa kuna moto. Ugunduzi huo ulimpatia Julius sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2021.

Ajabu ni kwamba kapsaisini ikizidi, ncha za nyuzi hizo huchoka na kusinyaa, nazo huacha kupeleka habari kwa majuma kadhaa. Kwa sababu hiyo hospitali za nchi kadhaa hutumia plasta yenye kapsaisini asilimia 8 kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Plasta hiyo hubandikwa na mtaalamu aliyevaa glavu, kwa muda uliopimwa, juu ya ngozi isiyo na jeraha. Pilipili ya kinuni haina kipimo. Yaweza kubabua ngozi, na mkono ulioishika ukigusa jicho huleta msiba. Tofauti ya dawa na dhara hapa ni kipimo.

Hatari ya Maji ya Moto

Mguu uwakao moto waweza pia kuwa mguu usiohisi moto wa kweli. Mgonjwa wa kisukari au wa ukoma aliyepoteza hisia huweza kuutumbukiza katika maji yanayounguza, au kuukaribisha kwenye makaa, asijue lolote hadi malengelenge yatokee. Kwa mwenye kisukari kidonda hicho hupona kwa shida. Kikioza, huenda mguu ukakatwa. Mtu mwenye ganzi, kwa hiyo, asikandwe kwa maji ya moto wala asiote moto.

Kutafuta Chanzo

Hakuna mafuta wala majani yanayoweza kuchukua nafasi ya kujua chanzo. Kisukari hutambulika kwa kupima damu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo aisoniazidi huweza kudhuru mishipa ya fahamu, na vitamini B6 huzuia dhara hilo. Ukoma hutibika, na matibabu ya mapema huokoa mishipa.

Chakula nacho kina sehemu yake. Muhogo, ambao ni zao kubwa la Kisarawe, hasa ule mchungu, huwa na kemikali inayotoa sianidi. Mwili huiondoa sumu hiyo kwa kutumia salfa itokayo katika protini. Anayekula muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vema, bila kunde, maharage wala dagaa, huihatarisha mishipa yake. Wataalamu Makene na Wilson walichapisha mwaka 1972 uchunguzi wao wa kikemia juu ya wagonjwa wa Tanzania wenye maradhi ya mishipa ya fahamu ya namna hiyo.

Elimu ya waganga haikupuuzwa nchini. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ikapitishwa mwaka 2002. Mganga na zahanati waweza kumhudumia mgonjwa mmoja, mradi kila mmoja ajue alichopewa na mwenzake.

Jaribio la Nyumbani

Mwanafunzi aweza kumpima babu au bibi yake kwa ridhaa yake. Mzee afumbe macho. Mwanafunzi aguse taratibu, kwa ncha ya kidole chake, kidole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho cha kila mguu, kwa sekunde moja au mbili, bila kukandamiza. Miguso yote ni sita. Mzee aseme kila anapohisi. Ikiwa miguso miwili au zaidi haikuhisiwa, yafaa apelekwe zahanati akapimwe, kabla hajapakwa pilipili na kabla maji hayajawekwa jikoni.