Aliyepandikizwa Figo na Mwaliko wa Harusi

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017. Waliopandikizwa hurudi kazini na shambani, na ukiwatazama huwaoni na ugonjwa wowote. Lakini kila siku humeza dawa za kushusha kinga ya mwili, ili kinga hiyo isiishambulie figo waliyopewa. Swali lao kliniki mara nyingi si la figo: "Daktari, harusini naweza kwenda?"

Wengi hudhani ukishachanjwa swali hilo limekwisha. Chanjo huifundisha kinga ya mwili kumtambua adui, na mwanafunzi huyo ndiye tuliyemlaza kwa dawa. Wakati wa UVIKO-19, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipima damu za watu 658 waliopandikizwa viungo. Baada ya dozi mbili, waliokutwa na kingamwili walikuwa asilimia 54 tu. Agosti 2021 Marekani ikaruhusu watu wa kundi hili wapewe dozi ya tatu.

Kwa surua hali ni ngumu zaidi. Chanjo yake ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo aliye kwenye dawa hizi hapewi kabisa. Ilitakiwa aipate angalau wiki nne kabla ya upasuaji. Na surua haina adabu: virusi vyake hukaa hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na mtoto huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele, wakati mama yake bado anasema ni mafua tu. Hapo mgonjwa wetu hana la kuchagua. Kinachomlinda ukumbini ni chanjo walizopata watoto wa watu wengine. Ili surua ikose njia, watoto 95 kati ya 100 wanatakiwa wawe wamepata dozi zote mbili.

Kinachonisikitisha ni familia zinazofanya kinyume: wanaacha kuwachanja watoto wakiogopa chanjo itamdhuru babu aliyepandikizwa. Mtoto aliyechanjwa surua hamwambukizi mtu virusi vya chanjo. Tahadhari iko kwenye matone ya polio na ya rotavirusi, ambayo virusi vyake hutoka na choo cha mtoto. Mwelezeni muuguzi kwamba nyumbani kuna mgonjwa wa namna hiyo. Babu asibadilishe nepi, na anayebadilisha anawe kwa sabuni.

VVU navyo hushusha kinga, lakini tusiwachanganye waliopandikizwa na kila mwenye VVU. Anayetumia ARV vizuri na CD4 zake zimepanda huchanjwa chanjo nyingi na kuhudhuria shughuli kama wewe na mimi.

Msibani kuna ugumu mwingine, maana kwetu asiyeonekana husemwa. Aliyepandikizwa figo anaweza kukaa nje chini ya turubai, kuvaa barakoa, kwenda makaburini badala ya kubanana sebuleni. Akitoa pole bila kushikana mkono, msimwone anaringa.

Nanyi mnaoishi naye, kabla ya kumwita kwenye shughuli fungueni kadi za kliniki za watoto. Dozi ya pili ya surua, ya miezi 18, ndiyo husahaulika, kwa kuwa wazazi wengi huacha kliniki mtoto akishatembea. Katika vituo vya serikali hutolewa bure.