Gari Lenye Jina Baya: Tununue au Tuache?

Siku hizi katika vijiji vingi vikundi vya akiba hufika mahali ambapo fedha zimekaa na wanachama wanaanza kuulizana: tuzifanyie nini? Wengine husema tununue mashine ya kukoboa. Wengine husema tununue gari. Gari litapeleka mazao mnadani. Litaleta mbolea. Mgonjwa akizidiwa usiku, halitasubiriwa gari la kuazima. Hoja hizo ni nzuri. Lakini fedha za kikundi hazitoshi kununua gari jipya, hata nusu yake. Basi kikundi hutafuta gari lililotumika.

Hapo ndipo dalali hutokea. Ana gari la kupendeza, rangi inang'aa, na bei yake iko chini kuliko mengine ya namna ile. Ukimwuliza kwa nini ni rahisi, atasema mwenye gari ana shida ya fedha. Jioni mtu mmoja kijiweni anasema: "Hilo? Hilo ni D4 hilo. Msithubutu!" Mwingine anasema shemeji yake analo, huu ni mwaka wa nne, na halijamsumbua. Kesho yake kikundi kimegawanyika pande mbili. Kila upande una mashahidi wake.

Nani tumsikilize? Tuchukue gari moja linalojulikana karibu kila wilaya, yaani Toyota Noah, tuone jambo hili linavyopimwa.

Jina baya ni la kitu gani?

Jambo la kwanza ni hili. Gari zima halina jina baya. Jina baya lina mahali pake. Ni la injini, au la giaboksi, au la taa na nyaya zake, au la bodi inayoliwa na kutu. Mtu akisema "gari hili bovu", mwulize: bovu wapi?

Noah ni jina moja, lakini kuna Noah za maumbo mbalimbali. Zile za zamani zilianza kutengenezwa mwaka 1996 mpaka 2001. Za kati zilitengenezwa kuanzia mwaka 2001 mpaka 2007. Zilizofuata zilianza mwaka 2007. Hizi za kati ndizo zenye injini ya D4. Zile za zamani za petroli hazina D4, na zile zilizoanza mwaka 2007 hazina pia. Kwa hiyo anayesema "Noah ni mbovu" amewasingizia ndugu watatu kosa la mmoja.

Sasa D4 ni nini? Katika injini ya kawaida ya petroli, petroli hunyunyizwa kwenye njia ya hewa, nje ya silinda. Huko huchanganyika na hewa, kisha vyote viwili hupita kwenye vali na kuingia ndani ili viwake. Katika D4, petroli haipiti njia hiyo. Hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Ili iweze kuingia humo ndani, lazima isukumwe kwa nguvu kubwa sana. Kazi hiyo hufanywa na pampu ya pekee, ambayo imetengenezwa kwa usahihi mkubwa, na nozeli zenye matundu madogo mno.

Waliobuni injini hii hawakuwa wajinga. Walitaka gari litumie petroli kidogo, nalo hutumia kidogo kweli likiwa zima. Lakini kuna mambo mawili. Kwanza, pampu ile na nozeli zile hazipendi uchafu. Vumbi kidogo, maji kidogo, au petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, huzikwaruza na kuziziba. Pili, katika injini ya kawaida petroli huosha vali kila inapopita. Katika D4 haipiti hapo, kwa hiyo masizi huganda kwenye vali na kwenye njia ya hewa. Masizi yakizidi, gari hutetemeka likiwa limesimama, hukosa nguvu mlimani, na pengine huzima lenyewe.

Gari lile lile huko Japani hupewa petroli safi, na oili yake hubadilishwa kwa wakati. Huku kwetu linakutana na nini? Mwaka 2010 EWURA ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta, ili wanaochakachua watambulikane vituoni. Hilo limesaidia. Lakini petroli ya chupa inayouzwa pembeni mwa barabara imekwisha toka kituoni. Imepita kwenye dumu, ikapita kwenye mrija, ikachujwa kwa kitambaa. Pikipiki inaivumilia. D4 haiwezi.

Basi ndugu zetu wa kijiweni wote wawili walisema kweli. Shemeji mwenye gari lisilosumbua huenda anaishi karibu na kituo kizuri cha mafuta. Aliyesema "msithubutu" huenda aliliona limelala chini ya mwembe.

Wazee watakumbuka malori ya vijiji katika miaka ya 1970 na 1980. Mengi hayakuwa mabaya. Yalisimama kwa sababu nchi ilikosa fedha za kigeni, na vipuri na matairi havikupatikana. Lori lenye sifa nzuri likawa banda la kuku. Siku hizi vipuri vinauzwa, lakini swali ni lile lile: vinauzwa wapi, kwa bei gani, na nani anajua kuvifunga?

Kuuliza watu

Mkitaka kujua habari za gari, ulizeni watu wengi, lakini ulizeni vizuri. Mtu akilisifu au akilitukana gari, mwulizeni: Lilikuwa gari lako, au ulisikia? Kilichoharibika ni kitu gani? Ulilipa shilingi ngapi? Lilikaa bila kufanya kazi siku ngapi? Asiyeweza kujibu maswali hayo amesikia tu kwa watu, na maneno ya kusikia mkiyaandika kumi hayawi ushahidi mmoja. Andikeni majibu kwenye daftari la kikundi. Tunajua kuandika, tuutumie ujuzi huo hapa.

Kisha mwendeeni fundi. Siyo fundi wa dalali, ni fundi wenu, yule ambaye gari likiharibika mtampelekea yeye. Mwulizeni kama amewahi kufungua pampu ya D4, na kama ana kompyuta ya kupimia. Wapo mafundi hodari sana ambao hawataki kuigusa injini hii, na fundi anayesema wazi "hiyo siiwezi" amewasaidia kuliko anayesema "leteni tu, tutaangalia".

Hesabu

Tuseme kikundi kimeona Noah mbili. Ya D4 inauzwa shilingi 9,000,000. Nyingine isiyo na D4 inauzwa shilingi 12,500,000. Hizi ni bei za mfano tu; ninyi wekeni za kwenu. Tofauti ni shilingi 3,500,000, na hiyo ndiyo "faida" ambayo dalali anaitangaza.

Sasa tuseme fundi amewaambia kwamba pampu na nozeli zikifa, vipuri na kazi yake ni shilingi 1,800,000. Vipuri vinatoka mjini, kwa hiyo gari litalala siku 10. Kila siku lingewaletea shilingi 40,000 baada ya kutoa petroli na posho ya dereva. Siku 10 ni shilingi 400,000. Kuharibika mara moja kumewagharimu shilingi 2,200,000.

Likiharibika mara moja tu kwa muda wote mtakaokuwa nalo, bado mmeokoa shilingi 1,300,000. Likiharibika mara mbili, mmelipa shilingi 4,400,000, na lile la bei rahisi limekuwa ghali kwa shilingi 900,000. Kikundi kinachotia petroli ya chupa kijiulize chenyewe: mara moja, au mara mbili?

Kuna kitu kingine ambacho wengi husahau. Siku mtakapoliuza, jina lile baya litakuwa bado lipo. Mnunuzi wa siku hiyo naye atasema, "Hili D4 hili," na atashusha bei kama mlivyoshusha ninyi. Na kama fedha zote za kikundi zimekwisha siku ya kununua, gari lolote, liwe zuri au baya, litasimama siku ya kwanza litakapohitaji kipuri. Tunashauri fedha ya matengenezo itengwe kabla ya kupatana bei. Isipotosha, tafuteni gari la bei ya chini zaidi au subirini msimu mwingine.

Maoni yetu ni haya. Mtu anayeishi mjini, karibu na kituo kizuri cha mafuta na fundi mwenye vipimo, anaweza kununua D4 kwa bei nafuu na likamfaa. Kikundi kilicho mbali na lami, chenye fundi mmoja asiye na kompyuta, kiliache gari hilo hata kama bei itashushwa tena.

Lakini msikimbie D4 mkaangukia shimo lingine. Noah za mwaka 1996 mpaka 2001 zina jina zuri, na jina zuri nalo hutumika kuuzia mikweche. Hata ile ya mwisho kati ya hizo imekwisha pita miaka 20. Imebeba magunia mangapi? Imegongwa mara ngapi? Likaguliwe kama lile lingine.

Siku ya kulitazama

Nendeni asubuhi, na mwambieni muuzaji asiliwashe mpaka mfike. Mkifika, wekeni kiganja juu ya boneti. Kama ni la moto, limewashwa kabla yenu, kwa sababu injini yenye ugonjwa huuonyesha zaidi ikiwa baridi. Mwambieni mtarudi kesho.

Dalali anaweza kusema: "Mama, mwenyekiti, kuna mteja mwingine anakuja saa nne na hela mkononi." Mwenyekiti ajibu kwa upole: "Haya baba, akilinunua ni riziki yake. Sisi tunasubiri fundi wetu."

Tafuteni kibao cha chuma chenye maandishi ya gari, mara nyingi kiko ndani ya boneti. Hapo imeandikwa aina ya injini. Injini ya petroli ya Toyota yenye D4 huishia na herufi FSE; ya Noah za kati ni 1AZ-FSE. Kwa hiyo mtu yeyote anayejua kusoma hadanganyiki hapa. Lakini wapo wanaong'oa injini ya D4 na kuweka nyingine. Hilo si kosa, ila namba iliyo kwenye injini ilingane na ile ya kwenye kadi ya gari. Namba ya chesesi nayo ilingane.

Geuzeni ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izime baada ya injini kuunguruma. Ikibaki inawaka, kuna ugonjwa. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameiua makusudi ili msiuone ugonjwa.

Tazameni moshi. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Mweusi, petroli haiungui sawasawa. Moshi mweupe mwingi usiokoma hata injini ikipata moto, maji yanaingia kwenye silinda. Fundi afungue kifuniko cha oili; akikuta utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa, oili na maji huenda vimechanganyika. Rejeta ifunguliwe injini ikiwa baridi tu, vinginevyo mtaungua.

Kisha mpandie watu wengi, mlipeleke mlimani. Gari tupu kwenye lami halisemi siri zake. Mita ya kilomita msiitegemee sana, maana hurudishwa nyuma. Tazameni pedeli za breki na usukani vilivyolika. Wala msinunue gari kwa herufi za namba yake. Namba D au namba E inaonyesha lilisajiliwa nchini lini, haionyeshi lilitengenezwa lini.

Mkiridhika, andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, wenye namba ya chesesi, namba ya injini na bei mliyolipa kweli. Jina lililo kwenye kadi liwe la yule anayewauzia. Kabla ya kulipa, angalieni kwenye mfumo wa polisi kama namba ya gari ina deni la faini za barabarani. Mkitaka kubeba abiria kwa malipo, ulizeni LATRA masharti ya leseni kabla ya kununua, pamoja na bima, na gharama hizo ziingizwe kwenye hesabu ile ya kwanza. Umiliki uhamishwe TRA kwa jina la kikundi, siyo kwa jina la mwenyekiti wala la dereva.